Gari la Jumapili, Dereva wa Jumatatu

Ndugu zangu, ninyi mnaopita barabara ya Buhongwa kila asubuhi, mmeuona ule mtaro wa zege pale kwenye kona, penye jiwe kubwa lililopakwa chokaa? Wengi mnaupita hamuutazami. Sisi wa nyumba yetu hatuupiti bila mtu mmoja kunyamaza katikati ya maneno. Naomba mnisikilize niwaeleze tulivyofika mle ndani, maana jambo lililotupeleka pale limekaa katika nyumba nyingi, ila huko kwingine halijafika kwenye kona yake.

Kwa dada yangu Akelo, Jumamosi jioni ilikuwa saa ya kuosha gari. Tunakaa Mkuyuni, juu kidogo, kule ambako nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe. Gari ni Starlet nyekundu ya zamani. Wiki nzima limebeba sato, kwa hiyo linanuka sato. Akelo alikuwa akifungua milango yote na buti, mimi nasugua zulia kwa sabuni ya unga na ndimu, shemeji yangu Machibya anamwaga maji kwa mpira, na Princess, mtoto wao wa chekechea, anapewa kitambaa afute taa.

"Baba, taa hii inalia," Princess alisema jioni moja. Maji yalikuwa yameingia ndani ya kioo.

"Inalia kwa sababu imechoka kunusa samaki," Machibya akamjibu.

"Kama ingechoka kula mafuta, tungeshukuru," Akelo akasema, na sote tukacheka, na maji yakaendelea kutiririka kwenye mawe. Ungepita saa ile ungesema watu hawa hawana shida. Na kweli hatukuwa nayo.

Niwaeleze kidogo habari ya gari lile, ili msipotee mbele. Machibya ni fundi umeme wa majumbani. Kazi zake ziko kwenye vichochoro vya milimani ambako gari halifiki, kwa hiyo siku za kazi anatembea na pikipiki. Aliyekuwa anaendesha Starlet ni Akelo. Asubuhi alimshusha Princess shuleni, halafu mimi na yeye tukashuka hadi mwaloni Kigongo, mitumbwi inakoshusha samaki, kuchukua sato, tukawapanga kwenye mabeseni na barafu, tukarudi kuwauza sokoni Mkuyuni. Kesho hivyo hivyo. Gari walilinunua wote wawili, lakini mtaani liliitwa gari ya Machibya, na Akelo mwenyewe aliliita gari ya Baba Princess. Heshima hiyo mnaijua. Haina ubaya mpaka mtu aanze kuiamini kupita kiasi.

Jumamosi hiyohiyo akaja Gidion, rafiki yake Machibya, anayeuza vioo vya magari.

"Mwanangu," akaita kutoka barabarani, "kesho unakuja na gari, au unakuja na hiyo bucha ya samaki?"

"Wapi?"

"Kwenye koni. Kila mtu atakuwepo."

Huo mchezo wa koni si mbio za kufukuzana. Vijana wa Mwanza wenye magari madogo walikuwa wakikutana Jumapili, baada ya ibada, kwenye kiwanja cha ghala la pamba lililofungwa, mbele ya Buzuruga. Walipanga ndoo za rangi zilizogeuzwa, wakaziita koni, na kila gari likapita katikati yake peke yake, likijipinda huku na huku, mtu akishika saa. Ukigusa ndoo, unaongezewa muda. Mchezo wenyewe ni mzuri. Sikuja hapa kuwasema vijana.

Tulikwenda wote. Machibya aliingia kiwanjani akitabasamu, na kwenye ndoo ya kwanza tu Starlet ikainama upande mmoja, mpira wa mbele ukalia, pua ikagoma kugeuka, ndoo tatu zikaruka juu.

"Inalala hiyo!" mtu akapiga kelele. "Iletewe mto!"

"Msameheni, mkewe anaitumia kubebea samaki. Imezoea mwendo wa beseni."

"Ni ya mkeo, Machibya? Umeazima?"

Watu walicheka, na Princess naye akacheka kwa kuwa wengine walicheka. Machibya alitoka ndani ya gari, akafunga mlango taratibu mno. "Ya kwangu hii," akasema. "Naendesha mwenyewe."

Nilimtazama Akelo. Alikuwa akirekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimelegea.

Gidion ndiye aliyemwambia kilichokosekana. Chini ya gari, nyuma, panatakiwa pawe na chuma kinachotoka gurudumu moja hadi jingine. Mafundi wanakiita stabilaiza. Starlet yetu ilikuwa nacho mbele, nyuma haikuwa nacho.

"Nenda kwa mzee Ngosha pale Buzuruga," Gidion akasema. "Akuchagulie."

Siku ya pili, tulipomaliza kuuza sato, Machibya alitupata sokoni, akaiacha pikipiki yake hapo, akaingia garini nasi. Akelo ndiye aliyetuendesha. Tulipokaribia gereji, kabla ya kukata kona kuingia, Machibya akamshika bega.

"Simama hapa. Nipe usukani."

"Si tumefika?"

"Ndiyo maana. Nipe."

Wakabadilishana viti kando ya barabara. Tukaingia gerejini Machibya akiwa kwenye usukani, mkono mmoja nje ya dirisha.

Mzee Ngosha ni mtu mnene, mpole, anayeongea huku akijifuta mikono. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akatuonyesha sisi wanawake benchi lililokuwa ukutani, chini ya matairi yaliyotundikwa. Tukakaa. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda gerejini, hata kwa mzee mwema kama yule: wanaume wanasimama penye gari, wanawake wanakaa penye benchi.

Akaweka chini vyuma vitatu. Kimoja chembamba, kimoja cha wastani chenye matundu kwenye mikono yake, kimoja kinene kama mpini wa jembe.

"Hiki kinene sikupi," akasema. "Hicho ni cha gari isiyotoka kiwanjani. Sasa sikiliza. Kazi ya chuma hiki ni kuikataza gari kulala kwenye kona. Kikiwa kigumu, gari inasimama wima na mkia, yaani nyuma yake, unageuka haraka. Kwenye koni huo ni utamu. Kwenye lami yenye maji ni habari nyingine. Dereva akishtuka katikati ya kona, akatoa mguu ghafla kwenye pedali ya mafuta, mkia unakuja mbele kumwangalia usoni."

"Mimi sishtuki, mzee," Machibya akasema.

"Sawa. Kwa hiyo nakuuliza kabla sijashika spana. Siku za kazi gari hii anaendesha nani?"

"Mimi."

"Wewe tu?"

"Mimi tu. Hao nawapa lifti."

Vijana wa gereji walikuwa pale wanasikiliza. Akelo alitazama viganja vyake, vilivyokuwa bado na magamba ya sato.

Hapa naomba nisimame kidogo. Machibya mwenyewe, mtu akimwita kufunga soketi, hagusi waya kabla hajauliza: hapa utachomeka nini, na nani atatumia? Nimemsikia mara nyingi, tena akiwa mkali, kwa sababu aliwahi kuona jiko likiungua. Swali alilokuwa anawauliza wateja wake aliulizwa yeye, kwa upole kabisa, na akalijibu kwa uongo ili watu asiowajua majina wasicheke.

Mzee Ngosha aliitikia kwa kichwa. "Kama angekuwa anaendesha mtu mwingine, ningekufungia hiki chembamba, ukasahau habari za huko chini. Lakini kama ni wewe peke yako na unajua mchezo, chukua hiki cha matundu. Tundu la nje, kwenye ncha, ni laini. La ndani ni gumu. Siku za kazi kaa kwenye laini. Jumapili ukifika kiwanjani sogeza ndani, ukimaliza rudisha palepale. Nati moja kila upande. Usiingie nayo barabarani ikiwa ndani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee."

Tulipotoka na kupita kona ya gereji, Machibya akasimamisha gari ili wabadilishane viti. Akelo hakushuka haraka.

"Baba Princess, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini mbele za watu? Kwamba naendeshwa?"

"Hakuna aliyecheka."

"Wangecheka."

"Sasa mimi huo mguu wa kutoshtuka nitautoa wapi?"

"Wewe endesha kama kawaida. Itakuwa kwenye laini. Si nimesema nitarudisha?"

Na alirudisha. Nisimwonee. Jumapili za mwanzo alitandika mkeka kiwanjani, akaingia chini ya gari, akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Tayari, Mama Princess, gari yako laini kama chapati." Sato walifika salama, Princess alifika shuleni, na koni zilianza kubaki zimesimama.

Kisha akaanza kuchoka. Jumapili moja alisema kiwanja kimejaa matope, atarudishia nyumbani. Nyumbani akasema giza limeingia, atarudisha alfajiri. Alfajiri akaitwa kwa mteja ambaye umeme wake umekatika. Tukatoka hivyo. Kwenye kona ya kwanza nilimwona dada yangu akikaza shingo.

Jioni akamwambia, "Leo mkia umetaka kutangulia."

"Barabara ina mchanga."

"Baba Princess, si mchanga. Ninaijua ile barabara."

"Basi nitarudisha."

Akarudisha Jumatano. Wiki iliyofuata akarudisha Alhamisi. Halafu ikaja ile picha. Mtu alimpiga Machibya picha akikata kona ya ndoo ya mwisho, gurudumu moja la nyuma liko juu kabisa, limeacha ardhi. Picha ikazunguka kwenye simu za watu. Vijana wakamwita Mguu Juu. Alipomwonyesha Princess, mtoto alitazama kwa makini.

"Baba, gari inakojoa kama mbwa?"

Tulicheka mpaka machozi, hata Machibya. Lakini toka siku ile alianza kupita na gari mjini jioni, likiwa kwenye tundu la ndani, akitafuta kona zenye watu.

Dada yangu naye akaanza kupungua. Sisemi kukonda. Alikuwa anapungua maneno. Alitoka nyumbani mapema zaidi ili aende polepole. Kwenye kila kona alishika usukani kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo kisimani. Hiace zilimpigia honi nyuma, konda mmoja wa barabara ile akawa anamtania kila siku kupitia dirishani, "Mama, unampeleka bibi harusi?" Wanawake wa sokoni wakasema Akelo anaringa na gari la mumewe. Jioni nilimkanda mabega, yalikuwa magumu kama ubao.

Nilimsikia akimwomba mumewe, si kwa ugomvi, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia.

"Nionyeshe hiyo nati. Nitageuza mwenyewe."

"Utaharibu nyuzi zake. Na mtaa utasema nini, mke wangu kalala chini ya gari?"

"Basi nenda kwa mzee Ngosha umwombe kile chembamba. Mwambie ukweli."

"Nimwambie nilimdanganya mbele ya vijana wake?"

"Ndiyo."

Machibya akanyanyuka, akaenda kuwasha redio.

Mvua za vuli zikaanza. Jumapili moja palikuwa na shindano kubwa kule kiwanjani, na Machibya akashika nafasi ya kwanza, akampita Gidion. Alirudi nyumbani na watu, wakala, wakaimba, Gidion akamvisha shada la karatasi shingoni. Akelo aliwapakulia ugali na sato wote. Walipoondoka, alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Umerudisha?"

"Leo? Leo niache, Mama Princess. Kesho kabla hujatoka."

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu juu ya bati. Akelo aliingia chumbani. Nilikuwa namfunga Princess kamba za viatu, nikasikia kila neno.

"Baba Princess, kumekucha."

"Mvua hii nilale chini kwenye matope?"

"Uliahidi."

"Nenda taratibu tu. Wewe si hodari wa kwenda taratibu?"

Akatoka. Hakubamiza mlango. Alichukua koti la mvua la Princess, akaniambia, "Favour, kaa nyuma na mtoto leo. Mshike."

Nilimshika. Tulikwenda polepole, hiace nyuma yetu ikipiga honi. Kabla ya shule, tukafika ile kona penye jiwe la chokaa. Mbele yetu mtu wa baiskeli mwenye magunia ya mkaa aliteleza, akayumba hadi katikati ya lami. Dada yangu alifanya ambacho mimi na wewe tungefanya, na yeyote mwenye huruma angefanya. Alitoa mguu kwenye mafuta.

Mkia ulikuja mbele, vilevile kama mzee alivyosema. Niliona jiwe dirishani upande wangu, kisha nikaona barabara tuliyotoka, kisha upande wa dereva ukaingia kwenye mtaro wa zege kwa kishindo ambacho sitaki kukielezea.

Halafu ikabaki mvua tu. Princess alikuwa mzima mikononi mwangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, mama amelala?"

Hakuwa amelala. Alikuwa amefumba macho na kuuma mdomo. Mguu wake wa kulia, uleule aliouondoa kwenye mafuta, ulikuwa umebanwa na mlango.

Waliotutoa ni watu wa ile hiace. Yule konda wa bibi harusi ndiye aliyeingia mtaroni maji yakimfika magotini, akang'oa mlango kwa mikono na chuma cha jeki, huku akirudia, "Samahani mama, samahani mama yangu." Yule wa baiskeli alikaa chini kwenye mvua, mkaa wake umetapakaa, analia.

Hospitali wakasema mfupa wa paja umevunjika, na goti limeumia vibaya. Mguu ungepona, lakini usingekuwa kama ule wa zamani. Machibya alifika na pikipiki, amelowa. Akasimama miguuni pa kitanda. Akelo akamgeukia.

"Mtu wa baiskeli amepona?" akauliza.

"Amepona."

"Vizuri," akasema, na akageuza uso ukutani.

Hakumwambia zaidi ya hapo. Ndugu zangu, nadhani kelele zingekuwa nafuu kwake.

Starlet ilivutwa hadi gereji ya mzee Ngosha. Niliandamana na Machibya kwenda kuchukua vitu vyetu vilivyobaki ndani: mabeseni, koti la Princess, kiatu kimoja cha dada. Gidion alikuwepo, na vijana wengine wa koni, wamesikia habari. Mzee Ngosha alipiga jeki, akaingia chini na tochi. Alikaa humo. Alipotoka hakujifuta mikono.

"Nati ziko kwenye tundu la ndani," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Jumatatu. Kwenye mvua."

"Ndiyo."

"Wewe umeumia wapi? Sioni hata mchubuko."

Machibya akatazama chini.

"Sikuwemo," akasema.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Nilimwona akiwatazama vijana, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mbwa kabla ya kupita uchochoro.

"Mke wangu."

"Siku hiyo tu?"

"Siku zote, mzee. Tangu tuinunue. Mimi naendesha Jumapili."

Hakuna aliyecheka. Nataka mlisikie hilo vizuri. Kile kicheko alichokiogopa, kilichomfanya abadilishe kiti kando ya barabara na kumnyima mkewe spana, hakikuja. Gidion alivua kofia. Kijana mwingine akasema chini chini, "Hata ya kwangu anaendesha mke wangu, kaka," na akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Mzee Ngosha alitazama lile benchi chini ya matairi.

"Basi aliyekaa pale ndiye niliyetakiwa kumuuliza," akasema. "Nami nilimwonyesha pa kukaa."

Sasa miezi imepita. Anayekwenda Kigongo kuchukua sato ni Machibya, kwa hiace, na mabeseni yetu mapajani. Wanawake wa mwaloni wanamtania, "Karibu, Mama Sato!" naye anaitikia, "Asante, jamani," kwa sauti iliyochoka, kisha anachagua samaki. Alijifunza kuangalia mashavu ya samaki, kama bado ni mekundu. Kazi zake za umeme anafanya mchana. Jioni anasinzia kwenye kiti na viatu miguuni. Kiwanjani haendi. Princess anatembea kwa miguu kwenda shuleni, mimi namsindikiza, kwa sababu akifunguliwa mlango wa gari anashika nguzo ya nyumba.

Mzee Ngosha alinyoosha alichoweza kunyoosha na akafunga kile chuma chembamba. Starlet imerudi, mlango mmoja ni wa rangi nyeupe. Kwa muda mrefu Jumamosi ilipita bila mtu kuligusa gari, mpaka vumbi likaota juu yake kama ukungu wa mkate.

Jumamosi iliyopita Akelo alitoka na magongo yake, akakaa kwenye kiti uani.

"Baba Princess, leta mkeka."

Akauleta.

"Ingia chini. Nionyeshe hicho chuma kiko wapi, na nati zake ziko wapi, na kila kitu kingine kilichoko huko ambacho sijakijua."

Machibya alilala kwenye mkeka, njia ikiwa na watu. Alieleza akiwa chini, Akelo akaulizia tena pale asipoelewa, na mimi nilishika tochi. Princess alisimama mbali kidogo, penye nguzo, na kitambaa mkononi. Hakufuta taa. Lakini kitambaa alikuwa amekichukua mwenyewe.

Alikuwa anapita Masalu, jirani yetu wa juu, akasimama.

"Machibya, pole na kazi. Gari yako imepona?"

Machibya akatoa kichwa chini ya gari, uso mzima vumbi.

"Muulize mwenyewe," akasema, akamwonyesha Akelo. "Yule pale."

Masalu akashangaa kidogo, akageuka. "Mama Princess, imepona?"

"Imepona," Akelo akasema. "Mimi bado."

FUNDISHO NINALOTAKA TUBAKI NALO

Ndugu zangu, msiseme hadithi hii ni ya magari. Chuma hakikuwa kibaya na mchezo haukuwa mbaya. Ubaya ulianza pale mtu alipochagua kitu kwa ajili ya siku yake moja ya raha, na kitu hicho kinatumiwa na mwenzake siku nyingine zote, tena mwenzake ameketi hapo hapo karibu na hakuulizwa. Kabla hujanunua, hujafunga, hujabadilisha chochote katika nyumba yako, muulize anayekigusa kila siku. Ukiulizwa na fundi, au na daktari, au na mtu yeyote anayetaka kukusaidia, nani anatumia, sema ukweli, hata kama kuna watu wamesimama. Hao watu wataondoka. Wewe utabaki na nyumba yako.

Na ninyi mnaowakaribisha wanawake penye benchi, wakaribisheni penye gari.

Tena ukimwahidi mtu kesho, jambo ambalo maisha yake yamelala juu yake, amka. Hata kama mvua inanyesha. Mvua ile ndiyo iliyokuwa sababu ya kuamka.